Lino na vino: mwongozo kamili wa kutenganisha neno la sakafu na neno la mvinyo

Tangazo la nyumba ya kupanga huko Leeds, Uingereza, linasema jikoni kuna "new lino". Ujumbe wa simu wa mfanyakazi mwenzako unasema "bring some vino". Tofauti ni herufi moja tu, lakini la kwanza hukanyagwa na la pili hunywewa. Yote mawili ni maneno ya mazungumzo, hivyo huyakuti kwenye mkataba wala kwenye kitabu cha shule. Utayakuta kwenye matangazo madogo, jumbe za simu, maelezo ya kazi za usafi na gumzo la dukani, mahali ambapo hakuna anayesimama kukueleza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesoma au kutafsiri Kiingereza cha kila siku: mpangaji, mfanya usafi, mhudumu wa hoteli, mfanyabiashara anayeagiza mzigo, mfasiri. Baadaye tutaingia kidogo kwenye Kiitaliano na Kihispania, kwa sababu huko maneno hayahaya yapo na mengine yana maana tofauti kabisa.

Anza na sikio, si jicho

Msomaji wa Kiswahili akiona "lino" na "vino" huyasoma kama yalivyoandikwa, nayo yanatoka na vina kama ubeti wa shairi. Waingereza hawasemi hivyo. "Lino" kwao ni "lainou": anza kama unataja laini ya simu, kisha malizia na "nou". "Vino" ni "viinou", na hiyo "ii" huvutwa. Yanafanana machoni tu. Masikioni hayakutani kabisa.

Neno linalokutana na "lino" masikioni ni lingine, nalo ni hatari zaidi: "wino", linalotamkwa "wainou". Kwetu wino ni wa kalamu. Kwa Mwingereza au Mmarekani ni jina la dharau kwa mlevi aliyeshindikana, yule anayelala kando ya barabara na chupa yake kwenye mfuko wa karatasi. Mtu anayetaka kusema anapenda mvinyo, akachanganya "wine" na "vino" na kutoa "wino", amejitukana au amemtukana mwenyeji wake. Ukiingia kwenye duka la Wapolandi jijini London ukaliona "wino" limeandikwa kubwa juu ya rafu, usishtuke: kwa Kipolandi ndilo neno la kawaida la mvinyo, na hutamkwa "vino".

Kwa hiyo, ukilisikia neno kwenye simu bila kuliona, sikiliza irabu ya kwanza. "Ai" ni lino au wino. "Ii" ni vino. Irabu hiyo moja inamaliza nusu ya kazi.

Lino ni nini hasa

Lino ni kifupisho cha "linoleum", zulia gumu la sakafu lililovumbuliwa na Mwingereza Frederick Walton, aliyepata hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1863. Jina alilitunga kutoka maneno mawili ya Kilatini: "linum", yaani kitani, na "oleum", yaani mafuta. Na kweli kitu chenyewe ni mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yashike hewa mpaka yakawa mazito kama mpira. Huchanganywa na utomvu wa msonobari, unga wa mbao au wa magome ya mti wa koki (ule unaotoa vizibo vya chupa), vumbi la chokaa na rangi, kisha hukandamizwa juu ya kitambaa cha juti, kile kinachofanana na gunia.

Walton alishindwa kulilinda jina. Mwaka 1878, hataza ikiwa imekwisha, kampuni yake iliishtaki kampuni ya Nairn ya Kirkcaldy, Uskoti, kwa kutumia neno hilo. Mahakama ikaamua kwamba linoleum limekuwa jina la kitu chenyewe, si la mtengenezaji mmoja. Tangu hapo kila mtu akalitumia, na watu wa mtaani wakalikata likabaki lino.

Maana nyingine za lino, kwa wanaosoma zaidi ya matangazo ya nyumba, ni hizi.

Kwenye sanaa, lino ni kipande cha linoleum kinachochongwa kwa patasi ndogo, kikapakwa wino (huu wetu wa kalamu) na kugandamizwa kwenye karatasi ili kitoe picha. Ukikuta "lino print" au "linocut", hapo hakuna sakafu wala kinywaji.

Kwenye soka, lino ni mshika kibendera. Hili ndilo linalowasumbua zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki, maana gumzo la Ligi Kuu ya Uingereza tunalisoma kila wikendi. Shabiki akiandika "the lino had his flag up", anamaanisha mwamuzi msaidizi alishainua kibendera. Limetokana na "linesman", jina lililoachwa rasmi mwaka 1996 likawekwa "assistant referee", lakini mashabiki hawakushughulika na mabadiliko hayo.

Kwenye habari za magazeti ya zamani, lino ni ile mashine ya Linotype iliyokuwa ikipanga herufi za madini ya risasi. Ni nadra kukutana nayo, ila ukisoma historia ya uchapaji utaiona.

Na kwa jirani zetu Waganda, "lino" ni "hili". Ukiona ujumbe umechanganya Kiingereza na Kiganda, angalia hilo kwanza kabla ya kwenda kununua zulia.

Lino nyingi unazoziona si lino

Hapa ndipo wengi hukosea, wakiwemo Waingereza wenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sakafu za plastiki aina ya vinaili ziliingia sokoni, zikawa rahisi kutandika na za rangi nyingi, zikachukua nafasi ya linoleum majumbani. Jina halikubadilika. Leo mwenye nyumba akisema ameweka lino mpya, mara nyingi sana ni vinaili.

Jambo hilo si geni kwetu. Marumaru asili yake ni jiwe linalochimbwa na kung'arishwa. Leo fundi wa Dar es Salaam akikwambia amepiga "malumalu" chumba kizima, ni vigae vya kuchomwa vilivyotoka kiwandani. Jina la kitu cha thamani limehamia kwa kitu cha kila siku, na hakuna anayelalamika.

Kwa mfasiri au mfanya usafi, tofauti ya lino halisi na vinaili si ya kitaaluma tu, kwa sababu dawa inayofaa moja huiharibu nyingine. Namna ya kuzitambua:

1. Tafuta ukingo uliokatwa, aghalabu chini ya sinki, nyuma ya mlango au pale bomba linapopenya. Lino halisi ina rangi yake kuanzia juu mpaka karibu na kitambaa cha chini. Vinaili ina tabaka: utando mwembamba unaong'aa, picha iliyochapwa, kisha plastiki au sponji.

2. Kipande kikiwa mkononi, kigeuze. Nyuzi za gunia ni lino halisi. Sponji, plastiki tupu au kitambaa kama cha fulana ni vinaili.

3. Tazama mchoro. Ukiona mbao zenye vifundo au vigae vyenye mistari ya saruji, vyote vimechapwa kama picha, karibu hakika ni vinaili. Lino halisi huwa na rangi moja au mawimbi ya rangi zilizovurugana.

4. Nusa, hasa ikiwa mpya. Mafuta ya kitani yana harufu ya rangi ya mafuta na udongo. Vinaili hunukia plastiki mpya.

Usijaribu kipimo cha kuchoma sakafu kwa sindano ya moto, na usikwangue sakafu ya zamani. Katika nyumba za Uingereza zilizojengwa au kukarabatiwa kabla ya mwaka 2000, mgongo wa vinaili ya zamani, vigae vya plastiki na gundi nyeusi ya lami vinaweza kuwa na asibesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, yaliyopigwa marufuku kabisa mwaka 1999. Ikiwa imelala vizuri iache ilale. Ikibidi kung'olewa, hiyo ni kazi ya watu wenye vifaa, na kwanza ipelekwe sampuli maabara.

Sasa jambo la kuchekesha katika habari hii nzima. Neno "vinyl", ambalo Waingereza hulitamka "vainil", lilitungwa mwaka 1851 na mkemia Mjerumani Hermann Kolbe. Alilichukua kutoka "vinum", Kilatini cha mvinyo, kwa sababu ya uhusiano wa kikemia na spiriti ya mvinyo. Kwa hiyo ile sakafu ya plastiki ambayo watu huiita kwa jina la kitani, jina lake halisi limetoka kwenye zabibu. Anayedhani lino na vino havina undugu wowote anatembea juu ya undugu huo kila anapoingia jikoni. (Na kama sentensi inazungumzia muziki, "vinyl" ni santuri.)

Vino na jamaa zake

Vino si kifupisho. Ni neno la Kiitaliano na Kihispania lililoingia kwenye Kiingereza kama lilivyo, na Waingereza hulitumia kwa mzaha au kwa kujiachia. Mhudumu wa hoteli ya heshima hakuulizi "vino?". Rafiki anayekukaribisha Ijumaa jioni ndiye anayesema hivyo. Lino, kwa upande wake, halina mzaha ndani yake: hata muuza mazulia hulisema dukani bila kutabasamu. Tofauti hiyo ya mwendo husaidia sana. Maneno yanayozunguka yakiwa ya utani, wasiwasi wa sakafu hupungua.

Jamaa wa karibu wa vino ni "plonk", mvinyo wa bei poa usio na sifa, neno la Uingereza na Australia. Linafanana na "plank", ubao, nalo ni neno la sakafu, hasa zile vinaili zinazouzwa kwa vipande virefu vyenye sura ya mbao. Tofauti ni irabu moja. Mtego wa ziada ni kwamba "plonk" pia ni kitenzi, kuweka kitu kwa kishindo bila uangalifu, hivyo "plonk it on the floor" haina mvinyo hata tone. Nchini Australia duka la vileo huitwa "bottle-o", na wengi hudhani vino na lino navyo vimetiwa hiyo "-o" ya Kiaustralia. Havikutiwa. Katika maneno mengine tuliyoyataja hapa, yenye mkia wa namna hiyo ni lile la mshika kibendera na "wino" la mlevi.

Hatua za kutambua ndani ya sentensi

Umekutana na neno limeandikwa vibaya, limefifia, au skana imelisoma kombo: inaweza kuwa l, inaweza kuwa v. Fuata mpangilio huu.

Kwanza, tafuta kipimo. Hakuna dalili yenye nguvu zaidi. Lino na vinaili ya zulia huuzwa kwa mita: upana wa mita 2, 3 au 4, na unene kwa milimita, mathalani 2, 2.5 au 3.2 kwa lino halisi. Mvinyo hupimwa kwa chupa ya mililita 750, ambayo mara nyingi huandikwa 75cl, na kwa glasi. Kwenye baa za Uingereza glasi ni za mililita 125, 175 au 250, kwa hiyo "large glass" ni theluthi nzima ya chupa. Asilimia, kwa mfano 13%, ni ya kileo. Ukiona "mm" ni sakafu, ukiona "cl" au "ml" ni mvinyo. Kipimo kinachodanganya ni "box": sakafu ya vipande huja kwa boksi lenye eneo lililoandikwa kwa mita za mraba, na mvinyo nao huuzwa kwa boksi, mara nyingi la lita 3.

Pili, tazama kitenzi. Lino hutandikwa, hupigwa deki, hujikunja pembeni, hung'olewa: "lay, fit, mop, curl, rip up". Vino hufunguliwa, humiminwa, hupozwa: "open, pour, chill". Kuna kitenzi kimoja chenye sura mbili na kimeshawaponza wafasiri. "Lay lino" ni kutandika zulia. "Lay down" likifuatwa na mvinyo ni kuhifadhi chupa zimelazwa kwa miaka ili zikomae. Anayetafsiri "he laid down a few cases" kuwa mtu fulani alitandika makasha sakafuni amekosa maana kwa mbali.

Tatu, na hapa uwe mwangalifu, usiamini sifa. Msamiati wa sakafu na wa mvinyo umeingiliana mno:

"Oak" ni mti wa mwaloni. Sakafu hutengenezwa kwa mbao zake au huchapwa picha yake, na mvinyo huwekwa kwenye mapipa yake mpaka ukapata ladha yake. "Light oak" yaweza kuwa rangi ya sakafu au ladha ya mvinyo mweupe.

"Finish" kwa sakafu ni ule mng'ao wa juu. Kwa mvinyo ni ladha inayobaki kinywani baada ya kumeza. "Smooth finish" yafaa kote kuwili.

"Dry" kwa sakafu ni kukauka. Kwa mvinyo ni kutokuwa na sukari, na ukiandika "mvinyo mkavu" msomaji wako atabaki akijiuliza unanyweka vipi. Andika "usio mtamu".

"Cork" ni gome lile lile: limo ndani ya lino, hutandikwa peke yake kama sakafu, na ndicho kizibo cha chupa. Ila "corked" ni mvinyo ulioharibika kwa kemikali inayotoka kwenye kizibo, ukanuka kama boksi lililolowa. Si mvinyo wenye kizibo.

"Vintage" kwa mvinyo ni mwaka wa mavuno ya zabibu. Kwa lino ni mtindo wa kizamani.

Tangazo likisema tu "smooth, light oak, lovely finish" bila kipimo wala kitenzi, lisome kwa sehemu lilipo: ni la duka gani, liko chini ya kichwa gani, picha yake ni ipi. Kukisia kwa sifa pekee ni kubahatisha.

Nne, jaribu kubadilisha. Weka neno "carpet" mahali pa neno lenye shaka. Sentensi ikisimama, ni lino. Weka "beer". Ikisimama hiyo, ni vino. "There's a bit of … left in the kitchen" hukubali yote mawili, na sentensi za namna hiyo huamuliwa na ile iliyotangulia au inayofuata.

Kiitaliano na Kihispania: sheria zinageuka

Kwa Kiitaliano "lino" si sakafu hata kidogo. Ni kitani, kile kitambaa chepesi cha mashati na mashuka, na mmea wake. "Vino" ni mvinyo. Na yote mawili hutamkwa kama Mswahili anavyoyasoma, "liino" na "viino", kwa vina kamili. Ukifanya kazi Malindi au Watamu, ambako Waitaliano ni wengi miaka mingi sasa, utakutana nayo kila siku. "Pantaloni di lino" ni suruali za kitani. "Tovaglia di lino" ni kitambaa cha meza cha kitani. "Semi di lino" ni mbegu za kitani, zile wanazonyunyizia mtindi. Mgeni akilalamika kuhusu "macchia di vino" kwenye "lino", doa la mvinyo liko kwenye kitambaa cha meza, wala usikimbilie deki.

Kwa anayejiepusha na kileo, menyu ya Kiitaliano inahitaji jicho la pili. "Al vino", "al vino bianco" au "al vino rosso" baada ya jina la chakula maana yake kimepikwa kwa mvinyo. "Aceto di vino" ni siki iliyotengenezwa kwa mvinyo. Wingi wa vino ni "vini", ndio maana orodha ya mvinyo huitwa "carta dei vini" na neno unalolitafuta huenda usilione.

Kihispania kina mtego wake: "vino" ni mvinyo, lakini pia ni "alikuja". "Mi hermano vino ayer" ni "ndugu yangu alikuja jana". Kama neno limekaa baada ya jina la mtu na kabla ya wakati au mahali, ni kitenzi. "Lino" kwa Kihispania ni kitani pia. Programu ya kutafsiri iliyodhani maandishi yako ni ya Kihispania inaweza kukupa "sakafu ya kitani" kwa tangazo la nyumba la Manchester, kwa hiyo weka lugha ya chanzo kwa mkono, usiiache ijikisie.

Wareno nao wana "linho" na "vinho", jozi ile ile. Hiyo "vinho" ndiyo iliyotua kwenye pwani yetu ikawa "mvinyo".

Kuchagua neno la Kiswahili

Kwa lino, amua kwanza ni kitu gani halisi. Ikiwa linoleum ya kweli na jambo hilo lina maana kwa msomaji (usafi, ujenzi, historia), andika "linoleamu" na ueleze mara moja kuwa ni zulia gumu la mafuta ya kitani. Ikiwa ni vinaili ya kawaida, "zulia la plastiki" au "kapeti la plastiki" linaeleweka kote. Kenya kuna jina la sokoni lililo zuri kuliko yote, "mkeka wa mbao", kwa ile vinaili yenye picha ya mbao. Litumie ukiwaandikia Wakenya, ila msomaji wa Tanzania anaweza kudhani ni mbao kweli. Usiandike "sakafu" peke yake, kwani sakafu ni hata ile ya saruji iliyopigwa niru, na tangazo linalosema kuna lino halisemi hilo.

Kwa vino kuna maneno matatu, kila moja na kiti chake. "Divai" lina sauti ya kanisani: mkate na divai, arusi ya Kana. "Mvinyo" ni la maandishi rasmi, biashara na lebo, ikiwemo mivinyo ya zabibu za Dodoma, ila kwenye kamusi za zamani hubeba pia maana ya kileo kikali kwa jumla. "Waini" ndilo la mazungumzo. Kwa kuwa vino lenyewe ni la kujiachia, "waini" ndilo linalolikaribia, na kwa watu wa bara kiambishi "ka-" huleta ule utani: "tukapate kawaini". Ukitafsiri "fancy a vino?" kuwa "je, ungependelea divai?", umemgeuza rafiki kuwa paroko.

Angalia upatanisho: mvinyo huu, divai hii, waini hii. Wengi wakibadilisha neno katikati ya kazi husahau kubadilisha kinachofuata.

Mifano miwili ya kazi iliyokamilika, na mmoja wa mtego:

"Kitchen has lino, rest carpeted." Jikoni kumetandikwa zulia la plastiki, vyumba vingine vina kapeti la nyuzi.

"Get 3 metres of that lino, the 4 wide." Chukua mita 3 za lile kapeti la plastiki, lile la upana wa mita 4. (Hilo ni eneo la mita 12 za mraba. Anayetandika huacha ziada ya sentimita 5 hivi kila upande wa kukata, kwa hiyo pima chumba kabla ya kulipa.)

"She spilt vino on the lino and blamed the lino." Hapa kuna mchezo wa macho ambao Kiswahili hakiwezi kuubeba. Kama sentensi inatoka kwenye ripoti ya mechi, huyo lino wa mwisho ni mshika kibendera. Andika maana, uachane na mchezo.

Vino ikimwagika juu ya lino

Kwa kuwa maelekezo ya usafi ndiyo mahali maneno haya hukutana kweli, haya hapa kwa ufupi. Nyonya kwanza kwa kitambaa kikavu au karatasi, ukibonyeza, bila kusugua kwa kupanua. Kisha kitambaa kilicholowekwa maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, kikakamuliwa vizuri. Malizia na maji matupu, kisha kausha.

Kwa vinaili hiyo inatosha, mradi usitumie asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, maana hulainisha plastiki na kuacha baka lisilotoka. Kwa lino halisi epuka dawa ya klorini, amonia na magadi ya aina yoyote, hata yale ya kuokea ambayo mitandao huyasifu. Vitu hivyo hula mafuta ya kitani, na sakafu hufifia na kupata nyufa. Kwenye mvinyo mwekundu magadi yana kasoro ya pili: rangi ya zabibu ikikutana nayo hugeuka buluu yenye kijivu, na doa lililokuwa linaelekea kutoka linaonekana kama wino. Usimwage maji mengi pia. Yakipenya kwenye maungio, gunia la chini huvimba na kingo huinuka.

Lino mpya ikiwa na utando wa manjano baada ya kufunikwa na kabati au zulia dogo, hilo si doa la mvinyo wala uchafu. Fungua pazia, mwanga wa mchana utauondoa wenyewe.